Faili la kaya: namna ya kuthibitisha anayestahili msaada wa kodi ya nyumba Nairobi

Mafuriko ya 2024 yalipowatoa watu kwenye kingo za mito katika mitaa ya Mathare na Mukuru, na nyumba zilizosalia zikabomolewa, serikali ilitangaza shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa ili ipate pa kuhamia. Pesa ya namna hiyo ikishatangazwa, kazi ngumu inaanza: familia ni nani, na ni nani hasa aliyekuwa akilala pale? Mwongozo huu ni wa wanaoandikisha: maafisa wa ustawi wa jamii, makarani wa miradi, wajitolea na wazee wa mtaa wanaoshika kalamu.

Kipimo cha faili zuri ni mgeni. Karani ambaye hajawahi kukanyaga Mathare, au mkaguzi kutoka ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alifungue miaka miwili baadaye, na bila kumpigia mtu simu afikie uamuzi uleule mliofikia ninyi. Faili linalohitaji mtu wa kulieleza halijakamilika.

Kuna jambo jingine tunalolishikilia kwa nguvu: kukosa karatasi si kukosa haki. Anayelipa kodi mkononi kwa keateka (msimamizi wa vyumba kwa niaba ya mwenye nyumba), anayenunua maji kwa mtungi na anayetumia umeme wa kuunganishiwa hana bili hata moja yenye jina lake. Ukimrudisha nyumbani kwa sababu hiyo, umemkata yule ambaye pesa zilitengwa kwa ajili yake. Kazi yako ni kutafuta alama alizoacha, maana kila anayeishi mahali huacha alama.

Kabla ya kugonga mlango wa kwanza

Andikeni vigezo kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mvibandike kwa chifu na kwenye kituo cha usajili. Vigezo vikibadilika katikati ya zoezi, walioandikishwa mapema watapimwa kwa kipimo kimoja na wa mwisho kwa kingine, na hapo hakuna rufaa mtakayoweza kuijibu. Maneno matano lazima yapewe maana.

Kaya: wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Binti aliyerudi kwa mama yake na mtoto mgongoni ni wa kaya ya mama, hata kama ana kitambulisho chake. Vijana watatu wanaochangia chumba huku kila mmoja akijipikia ni kaya ngapi? Jibu hilo liandikwe kabla hawajaja, lisiamuliwe na karani aliye zamu siku hiyo.

Mkazi: aliyekuwepo tangu lini? Tarehe ya kukatia iwe ya nyuma, mathalani siku ya mafuriko au siku ya notisi. Mkitumia siku ya usajili, mtaa utajaa wageni usiku mmoja.

Mpangaji: katika Kibera na Mukuru, anayemiliki mabati na anayelala ndani mara nyingi ni watu wawili, na wote watajitokeza na hoja zao. Msaada wa kodi ni wa anayelala. Mwenye vyumba anayeishi katika chumba kimojawapo atajwe waziwazi kwenye vigezo, awe ndani au nje.

Kipato: cha mtu au cha kaya? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inaitaja nyumba ya kijamii kuwa ya mtu ambaye kipato chake kwa mwezi ni chini ya shilingi 20,000, na nyumba ya bei nafuu kuwa ya anayepata kati ya 20,000 na 149,000. Mpango ukiazima kiwango hicho lakini ukajumlisha mapato ya mume na mke, unawatoa watu ambao sheria ingewaingiza. Chagueni moja, muiandike.

La tano ni shida yenyewe: nyumba kubomolewa, malimbikizo ya kodi, au notisi ya kuhama. Shida haiandikwi kwa jumla. Inaandikwa kwa tarehe na kiasi.

Ngazi za ushahidi

Nchini Marekani, wizara ya makazi ijulikanayo kama HUD huzitaka ofisi zinazotoa ruzuku ya kodi zipange ushahidi kwa ngazi: kwanza mifumo ya serikali inayoonyesha mishahara na mafao, kisha hati za mwajiri au benki, kisha maelezo ya mtu wa tatu, na mwisho tamko la mwombaji mwenyewe. Mwaka 2021, wakati wa korona, mpango wao wa dharura wa kodi uliruhusu tamko la mwombaji litumike kwa upana, kwa kuwa kusubiri karatasi kungewaacha watu nje. Wazo hilo linafaa hapa pia, ila ngazi zenyewe zifuate maisha ya Nairobi:

1. Hati ya serikali au rekodi ya mfumo: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, hati ya mshahara, taarifa ya M-Pesa iliyotumwa na Safaricom yenyewe, kumbukumbu ya malipo ya Inua Jamii (mpango wa serikali wa kuwapa pesa wazee na wasiojiweza).
2. Maandishi ya mtu wa tatu yaliyokuwepo kabla msaada haujatangazwa: daftari la keateka, kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto, ripoti ya shule, kitabu cha chama cha kuweka akiba.
3. Barua iliyoandikwa kwa ajili ya msaada: ya chifu, ya mwenye nyumba, ya mwajiri.
4. Tamko la mwombaji.

Kila kigezo kipate ushahidi mmoja wa ngazi ya kwanza au ya pili, au miwili ya ngazi ya tatu kutoka vyanzo tofauti. Ngazi ya nne itumike pale ambapo nyingine zimeshindikana, na sababu iandikwe.

Neno la kukazia kwenye ngazi ya pili ni *kabla*. Daftari lililoandikwa wakati hakuna aliyejua kuna pesa lina uzito kuliko barua yenye mihuri mitatu iliyoandikwa jana. Halafu, vyanzo tofauti viwe tofauti kweli. Chifu hawezi kumjua kila mpangaji wa eneo lake, kwa hiyo huandika alivyoambiwa na mzee wa mtaa. Barua ya chifu na saini ya mzee huyohuyo ni sauti moja iliyosikika mara mbili. Pokea zote, hesabu moja.

Utambulisho

Nakili namba kutoka kwenye kadi, usiichukue kwa mdomo wala kwenye simu ya mtu. Isome kwa sauti, mwenyewe aifuate kwa kidole. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, malipo hukwama, au mtu mwingine huonekana ameshalipwa.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule, hata kama mtaani anaitwa Mama Brayo. Jina la mtaani liandikwe kwenye mstari wake wa pembeni, kwa sababu ndilo keateka na majirani watakalolitambua. Kama cheti cha mtoto kinasema Mohamed na kitambulisho cha baba kinasema Muhamed, usisahihishe chochote. Andika: «Majina mawili, mtu mmoja», kisha taja kilichokushawishi.

Aliyepoteza kitambulisho alete abstrakti ya polisi (karatasi inayoonyesha ameripoti kukipoteza) na karatasi ya kusubiri kingine. Mafuriko husomba vitambulisho pamoja na magodoro, basi mpango wa dharura usiotengeneza njia hii umeshaanza vibaya. Mkimbizi anayeishi Eastleigh au Kayole ana hati za Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kama mpango unamhusu au haumhusu, vigezo viseme, karani asijiamulie. Kaya inayoongozwa na mtoto ipelekwe kwa afisa wa watoto siku hiyohiyo, na faili lake lisisubiri foleni.

Sasa laini ya simu, ambapo malipo mengi hukwama. Watu wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, kaka au mwajiri wa zamani. Uliza: «Ukitumiwa pesa, linatokea jina gani?» Kisha hakikisha mwenyewe kwa jina linalojitokeza kabla muamala haujakamilika. Likitofautiana na kitambulisho, mwombaji asajili laini yake au ajaze fomu ya kumteua mpokeaji, naye mteuliwa asaini akiwa mbele yenu. Msiruhusu namba moja ipokee kwa kaya mbili, hata ikiwa ni ya mzee wa mtaa mnayemheshimu. Hasa ikiwa ni yake.

Makazi na kodi

Mipango mingi hudai barua ya mwenye nyumba kama sharti, kisha hushangaa faili nusu nzima hazina barua. Tangu Januari 2024, kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5 ya mapato ghafi kwa anayekusanya zaidi ya shilingi 288,000 na kufikia milioni 15 kwa mwaka. Vyumba sita vya shilingi 5,000 vinaleta 360,000 kwa mwaka, na barua yenye jina lake na kiasi cha kodi mwenye nyumba anaiona kama karatasi ya kumpeleka KRA, mamlaka ya ushuru. Mpangaji hapaswi kuadhibiwa kwa hofu ya mwenye nyumba. Iombe barua, lakini ikikosekana songa mbele kwa ushahidi mwingine na uandike tarehe uliyoiomba.

Daftari la keateka mara nyingi ni bora zaidi. Ni lile la shule, limekunjika pembe, namba za milango upande wa kushoto na miezi ikienda kulia. Penye malipo kamili ameweka alama ya vema, penye upungufu ameandika «bal 1,500». Piga picha ukurasa mzima wenye mlango wa mwombaji, ukifunika majina ya wengine kwa karatasi, na chunguza mambo matatu. Wino wa miezi tofauti ni tofauti? Mwezi mzima ukiwa umejazwa kwa kalamu moja ni kawaida, lakini mwaka mzima kwa kalamu moja ni daftari lililoandikwa jana. Salio la mwezi mmoja limeingia mwezi uliofuata? Na namba ya mlango kwenye daftari ndiyo iliyopakwa rangi mlangoni?

Jumbe za M-Pesa za kodi hujitambulisha: kiasi kilekile, tarehe zinazokaribiana, mpokeaji yuleyule. Tatu za mfululizo zinatosha. Usiridhike na kuzisoma tu kwenye simu, kwa kuwa ujumbe wa maandishi unaweza kutungwa na kutumwa na yeyote. Linganisha msimbo wa muamala, wenye herufi na tarakimu kumi, na taarifa rasmi inayoombwa kwa kupiga *334#. Taarifa hiyo huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nywila. Asiye na barua pepe asaidiwe kufungua yake. Karani asitumie anwani yake mwenyewe kupokea siri za watu wote wa mtaa.

Na pale nyumba isipokuwepo tena? Hapa ndipo kijitabu cha kliniki, ripoti ya shule ya mtoto na picha za zamani kwenye simu zinapokuwa dhahabu. Waulize majirani wawili, kila mmoja peke yake, maswali ambayo mgeni hawezi kujibu: mlango wake ulitazamana na wa nani, choo kilikuwa upande gani, keateka alikuwa nani. Chora ramani ndogo ya safu ya vyumba kadiri majibu yanavyoingia. Mlango mmoja ukidaiwa na kaya tatu, ramani itakuonyesha kabla ya hesabu. Mahali palipokuwa na orodha ya milango iliyohesabiwa zamani, kama Mukuru iliyotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, anzeni na orodha hiyo kwanza.

Kipato kisicho na hati ya mshahara

Kosa kubwa hapa ni kuchukua pesa zote zilizoingia M-Pesa na kuziita kipato. Ndani yake kuna zamu ya chama, mkopo, pesa ya mazishi aliyochangisha kwa niaba ya wengine, na mtaji wa mboga unaozunguka kila alfajiri. Tenga hizo kwanza, kisha uliza kwa siku. Swali la «unapata ngapi kwa mwezi?» humfanya mtu akisie.

Mfano wa hesabu. Mama mboga anauza 1,800 kwa siku ya kawaida. Marikiti amenunua kwa 1,350, usafiri na mkokoteni 100, ushuru wa kaunti 50. Faida ni 300. Anafanya kazi siku 26, basi 7,800 kwa mwezi. Mumewe ni kibarua wa mjengo. Usimuulize kwa mwezi, muulize wiki kwa wiki: siku 4, 2, 3, 3, jumla 12, kila siku 700, yaani 8,400. Kaya inapata 16,200. Kodi ya 5,000 ni karibu asilimia 31 ya hicho, na miezi miwili ya malimbikizo, 10,000, inazidi faida yote ya mama kwa mwezi. Karatasi yenye hesabu hii, mstari kwa mstari na saini chini, ina nguvu kuliko kisanduku kilichojazwa «16,200» pekee, kwa sababu mkaguzi anaweza kuifuata na jirani yake wa biashara anaweza kuikubali au kuikataa.

Chukua wastani wa miezi mitatu. Mwezi mmoja hudanganya: Januari ya karo haifanani na Desemba. Mwenye ajira alete hati za mshahara za miezi mitatu, na uhesabu mshahara ghafi au wa mkononi kulingana na vigezo vyenu, usivichanganye. Shilingi 2,000 za Inua Jamii za mzee wa nyumba zitajwe, na vigezo viseme zinahesabiwa au la. Tunaona heri zisihesabiwe, maana zimetolewa kwa chakula na dawa.

Ziara

Nenda asubuhi mapema au jioni, wakati watu wako nyumbani. Hesabu malazi, linganisha na idadi ya watu kwenye fomu, piga picha ya mlango na namba yake bila sura za watu, chukua alama ya mahali kwa simu. Dakika kumi na tano zinatosha. Usihukumu kwa televisheni, huenda ni ya mkopo au ya miaka ya neema.

Mwanamke aliyekimbia kipigo asiulizwe barua ya mwenye nyumba wa zamani, wala mtu asimpigie mume kuthibitisha. Faili lake litunzwe peke yake, na anwani mpya isionekane kwenye orodha yoyote inayobandikwa.

Tamko linaposimama peke yake

Liandikwe kwa maneno ya mwombaji, kwa lugha anayoielewa, na liwe na vitu vinavyoweza kupimwa:

«Mimi, mwenye kitambulisho namba …, natamka kwamba tangu mwezi wa … nimekuwa nikiishi chumba namba …, kwa keateka aitwaye …, nikilipa shilingi … kwa mwezi mkononi, bila risiti. Tunaolala humo ni watu …. Ushahidi mwingine sina kwa sababu …. Nimesomewa haya nikayaelewa, na najua kutamka uongo ni kosa.»

Tarehe, saini au dole gumba, na jina la aliyemsomea. Kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinaongeza uzito, lakini kina gharama. Mpango ukikitaka, uulipie. Na karani aandike chini kwa mkono wake: nini kilitafutwa, wapi, lini, na kwa nini hakikupatikana. Maelezo hayo ndiyo yanayolinda tamko siku ya ukaguzi.

Waliojirudia

Kabla ya orodha kwenda kulipwa, ipangwe mara tatu: kwa namba ya kitambulisho, kwa namba ya simu, kwa namba ya mlango. Mpangilio wa tatu ndio unaosahaulika, na ndio unaofichua mume na mke waliojiandikisha kila mmoja kwa kitambulisho chake. Si wote ni walaghai. Mara nyingi mmoja hakujua mwenzake ameshaenda. Waite wote wawili, unganisha mafaili, andika lipi limefungwa na kwa nini. Usifute lolote.

Siri za watu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana hata kama ofisi yako ni hema. Mweleze mwombaji unachukua nini, kwa kazi gani, na nani ataona, kabla hajatoa kadi. Kwenye taarifa ya M-Pesa hifadhi mistari ya kodi na mapato pekee, nyingine ziba kwa wino. Nakala za vitambulisho zisipitishwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati, jambo linalofanyika sana na lenye hatari kubwa. Simu yenye picha hizo ikiibwa na kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Uamuzi na rufaa

Ukurasa wa juu wa faili uwe na kila kigezo, ushahidi uliokithibitisha, ngazi yake na tarehe. Aliyekusanya asiwe ndiye anayeidhinisha. Wawe watu wawili, saini mbili.

Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaieleza kwa kina. «Hukutimiza vigezo» si sababu. Andika hivi: «Ulisema umeishi chumba namba 14 tangu Februari, lakini daftari la keateka lina jina lingine kwa miezi hiyo. Una siku 14 kuleta ushahidi mwingine kwenye kituo hiki.» Barua ya namna hiyo hupunguza vurugu mlangoni, kwa sababu mtu anajua alete nini.

Orodha ya waliokubaliwa ibandikwe kwa namba za usajili, si kwa majina na simu. Karibu yake pawe na bango linalosema usajili haulipiwi chochote, pamoja na namba ya malalamiko inayopokelewa na mtu asiye wa kamati ya mtaa.

Msaada ukiwa wa miezi kadhaa, rudia uhakiki kila baada ya miezi mitatu kwa karatasi moja: bado anaishi pale, kaya imebadilika, kodi imepanda? Akihama, andika alikohamia na mwezi wa mwisho aliolipiwa, ambatisha msimbo wa malipo hayo, kisha faili lifungwe kwa saini na tarehe.